Je, Wajua? Hamira Inayosakwa kwa Mshumaa na Unyoya

Pasaka ya Wayahudi, ukumbusho wa kutoka utumwani Misri, huchukua siku saba, au nane kwa wengi wanaoishi nje ya Israeli. Siku zote hizo mkate uliochachuka hauliwi, na hautakiwi hata uwemo nyumbani. Aliyewahi kuvuta friji afagie nyuma yake anajua ukubwa wa kazi hiyo.

Neno letu la dukani limo katika tamko lao

Baada ya msako wa mwisho, usiku mmoja kabla ya sikukuu, mwenye nyumba hutamka kwa Kiaramu kwamba "hamira" yoyote iliyobaki bila kuonekana si mali yake tena, ihesabiwe kama vumbi la ardhi. Ndiyo, hamira! Sisi neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiaramu ni lugha za ukoo mmoja. Kwa hiyo Myahudi wa New York anayekariri tamko la mababu, na mama wa Tandika anayemtuma mtoto kwa Mangi akalete pakiti ya kupikia maandazi, wanataja kitu kilekile. Mmoja anakifukuza, mwingine anakiita.

Mkate hufichwa makusudi ili utafutwe

Nyumba imeshasuguliwa wiki nzima, halafu mtu wa nyumba hiyohiyo anakata vipande kumi vya mkate, anavifunga kwenye karatasi na kuvificha: kimoja nyuma ya vitabu, kingine juu ya kabati, kingine dirishani. Sababu ni kuwa msako huanza kwa kusoma baraka, na baraka iliyosomwa kwa kazi isiyozaa kitu huonekana imepotea bure. Basi usiku taa zinazimwa, mshumaa unawashwa, watoto wanatangulia mbio. Chembe ikionekana pembeni mwa dirisha, haiguswi kwa mkono: inasukumwa taratibu kwa unyoya wa ndege mpaka iingie kwenye mwiko wa mbao. Asubuhi unyoya, mwiko na vipande vyote huchomwa moto pamoja.

Wazoefu huandika mahali walipoficha. Si vizuri kuokota tisa tu.

Marabi walijadili panya kwa rangi yake

Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria za Kiyahudi, uliokamilika yapata miaka 1,500 iliyopita, ina mjadala mzito kuhusu panya aliyeingia na mkate mdomoni ndani ya nyumba iliyokwisha kukaguliwa. Akitoka panya mwenye mkate, je, ndiye yuleyule? Na kama aliyeingia ni mweupe na aliyetoka ni mweusi? Huenda mweusi alimnyang'anya mweupe! Mishna, mkusanyiko wa sheria ulio wa zamani zaidi, ilikuwa imejaribu kuwatuliza watu mapema: usihofu kwamba kicheche amehamisha mkate kutoka nyumba hadi nyumba, kwa maana hapo utaanza kuhofia ua hadi ua na mji hadi mji, na jambo halitakwisha. Mimi nawapenda watu wanaotunga sheria kali kisha wakakumbuka kuwa mwenye nyumba naye anahitaji kulala.

Saa nne ya marabi ni saa nne yetu

Asubuhi ya mkesha, mwisho wa kula mkate ni saa nne, na mwisho wa kuuchoma ni saa tano. Msomaji wa Kiingereza hapo huhitaji maelezo marefu. Wewe huhitaji hata moja. Marabi waliyahesabu masaa kuanzia mapambazuko, kama tufanyavyo sisi, na siku yao huanza jua linapozama, kama ile tunayoitaja tukisema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Tofauti ni kwamba saa ya kidini ya Kiyahudi hurefuka na kufupika kulingana na urefu wa mchana. Hapa kwetu karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, hata tofauti hiyo ingekuwa ya dakika chache tu.

Dakika 18, na chapati imeharamika

Matza, mkate mkavu usiochachuka, hutengenezwa kwa unga na maji basi. Ugumu wake ni wakati: tangu maji yaguse unga mpaka mkate uingie kwenye moto, hazitakiwi kupita dakika 18. Wewe unayelipumzisha donge la chapati nusu saa ili lilainike, kwao ungekuwa umekwisha kosa zamani!

Ingia katika kiwanda kidogo cha matza ya mkono. Unga uko chumba kimoja na maji chumba kingine, visije vikakutana kwa bahati mbaya. Mmoja anamimina, mmoja anakanda, na mstari wa watu wenye vifimbo vya kusukumia wanalitandaza donge mpaka liwe jembamba. Mwingine anapitisha gurudumu lenye meno kulitoboa matundu lisivimbe. Kisha linapandishwa juu ya mti mrefu na kutupwa ndani ya tanuri, ambamo huiva kwa chini ya dakika moja. Muda ukiisha kila kitu kinasimama: mikono inaoshwa, karatasi za mezani zinabadilishwa, vifimbo vinasuguliwa kwa msasa, ndipo saa inaanza upya. Matza ikitoka imejikunja, sehemu iliyojikunja hutupwa, kwa kuwa huenda moto haukufika ndani ya mkunjo.

Wayahudi wa Yemeni na Iraki, kwa upande wao, wamezoea matza laini inayokunjika. Ukiwekewa mezani bila kuambiwa, utauliza mchuzi uko wapi.

Kijiji kizima kilikwenda kuomba maji

Maji ya kukandia matza yanatakiwa yawe yamelala usiku kucha, yapoe. Talmudi inasimulia kuwa mwalimu Rav Matna alifundisha jambo hili mahali paitwapo Papunia, akatumia maneno ya Kiebrania yenye maana mbili: "maji yaliyolala" na pia "maji yetu". Kesho yake watu wakaja na vyombo mlangoni kwake, wakimwomba awape hayo maji yake. Ikabidi aeleze tena, safari hii kwa Kiaramu cha mtaani.

Mtu mmoja hununua mikate ya dola nyingi, kisha anairudisha

Tatizo la mwenye duka: ana shehena ya tambi, bia na biskuti, na sheria inamkataza kuimiliki wakati wa Pasaka. Aichome? Hapana, anamuuzia asiye Myahudi. Mkataba unaandikwa, malipo ya awali yanatolewa, na bidhaa zinabaki palepale kabatini zimefungwa kwa utepe, ila mwenyewe sasa ni mwingine. Sikukuu ikiisha na mnunuzi asipomalizia deni, mali inarudi kwa wa kwanza.

Hata taifa la Israeli hufanya hivyo. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa Jaber Hussein, Mwarabu wa kijiji cha Abu Ghosh karibu na Jerusalem, aliyekuwa meneja wa hoteli. Aliwahi kuweka amana ya shekeli 20,000 kwa shehena iliyokadiriwa kufikia mamia ya mamilioni ya shekeli. Huo si mchezo wa kuigiza: angelipa salio, angeondoka nayo kihalali.

Wali maharage umegawanya familia

Nafaka zilizokatazwa hasa ni tano, ngano na shayiri zikiwa mbele. Lakini tangu karne ya 13 hivi Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki waliongeza mchele, maharage na baadaye mahindi, kwa hofu kwamba magunia huchanganyika. Wenzao wengi wa nchi za Waarabu hawakuifuata hofu hiyo. Ndiyo maana waweza kukuta majirani wawili wa dini moja, sikukuu moja, mmoja akila wali na mwingine akiutazama tu. Mwaka 2015 wanazuoni wa madhehebu ya Wahafidhina nchini Marekani waliruhusu vyakula hivyo. Tuseme kweli, Pasaka isiyo na ugali, wali wala maharage ingetushinda wengi siku ya pili.

Sufuria huchemshwa, chungu huvunjwa

Kanuni ya vyombo ni kwamba chombo hutema kwa njia ileile kiliyomezea. Sufuria iliyopikia kwa maji huzamishwa katika maji yanayochemka. Chuma kilichochomea motoni hurudishwa motoni mpaka kiwe chekundu. Udongo hauna dawa. Wayahudi wa Ethiopia, katika vijiji vya Gondar, walivunja vyungu vyao vya zamani kabla ya sikukuu na kufinyanga vipya. Hebu sikia mlio wa mwaka mzima wa mapishi ukigeuka vigae uani.

Soda ina kifuniko cha njano

Katika majira ya Pasaka, baadhi ya chupa za Coca-Cola nchini Marekani huvaa kifuniko cha njano, kwa kuwa sukari yake si ya mahindi. Safari hiyo ilianza mwaka 1935, rabi Tobias Geffen wa Atlanta alipoonyeshwa siri ya viungo kwa sharti la kutoitoa, akapendekeza viwili vibadilishwe. Kahawa nayo haikubaki nyuma: tangu 1932 kampuni ya Maxwell House imekuwa ikigawa bure Hagada, kitabu kinachosomwa mezani usiku wa Pasaka, na nakala zimepita milioni 50.

Kifungua mimba hufunga, isipokuwa asome

Siku ya mkesha, wazaliwa wa kwanza wa kiume hufunga, wakikumbuka kuwa wenzao wa Misri walikufa na wao wakaachwa. Ila kuna mlango wa uani: ukihudhuria pale mtu anapomaliza kusoma kitabu kimoja cha Talmudi, kuna karamu ndogo, na karamu hufuta saumu. Kwa hiyo asubuhi hiyo masinagogi mengi hupata msomaji aliyepanga ukurasa wake wa mwisho uangukie siku hiyohiyo!

Tofali liliwekwa mezani

Mlo wa Pasaka una kachumbari tamu ya matunda, lozi na divai, inayokumbusha udongo wa matofali ya Misri. Mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanajeshi 20 wa Kiyahudi waliokuwa kambini katika eneo ambalo leo ni West Virginia waliletewa matza kutoka Cincinnati, lakini viungo vya kachumbari hawakuvipata. Wakaweka tofali lenyewe. Kwa mboga chungu walichuma majani ya porini, yakawa makali ajabu, wakayazima kwa sharubati ya tofaa iliyochacha mpaka baadhi yao wakalewa.

Pasaka iliingia jioni Kampala ilipokombolewa

Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wengi wakaiacha, wachache wakasali kwa kujificha. Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliikamata Kampala. Jua lilipozama jioni hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, usiku wa Pasaka ulikuwa umeingia.