Mtoto na Mto Ruzizi (3): Amavi si mavi

Juma lililopita tuliishia Luberizi, upande wetu wa Kongo, kwenye kambi za Warundi waliokimbia vita vya 1993. Nilitaka kuendelea na kisa hicho, lakini habari za ng'ambo, huko Burundi, zimenivuta. Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, makumi ya maelfu ya Wakongo wenzetu wamevuka Ruzizi. Wengi walilala uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Musenyi, Rutana. Wenye jamaa Cibitoke au Bujumbura walibaki huko, na watoto wao wakipata nafasi shuleni hukaa mbele ya mwalimu wa Kirundi.

Msomaji ataniwia radhi nikirudi kwenye kisa nikipendacho cha watu wazima waliokwama kwa lugha. Aprili 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira wakiwa na swali moja: Ruzizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka? Speke hakujua lugha ya wenyeji. Alisema Kihindustani na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Bombay akasema Kiswahili, na Kiswahili nacho kikatafuta wa kukifikisha kwa wenyeji. Kabla ya hapo Mwarabu mmoja alikuwa amemwambia Speke kwamba mto unatoka. Baadaye Bombay akasema Mwarabu yule alimaanisha kinyume. Wana wa mtemi wa Uvira ndio waliowaambia wazi kwamba unaingia. Hata hivyo wageni wale waliondoka bila kuuona mdomo wa mto, na swali likabaki mpaka Livingstone na Stanley walipoufikia kwa mtumbwi Novemba 1871. Miaka 13 kwa swali ambalo mvuvi yeyote wa Kavimvira angelijibu! Na hakuna aliyewaita wajinga wakubwa hao. Mtoto wa miaka saba akinyamaza siku tatu darasani, tayari ameshaitwa mzito wa kichwa.

Tumtazame basi. Mwalimu anataja amavi, yaani magoti. Mtoto wa Bwegera anacheka, kwa sababu kwao mavi si magoti hata kidogo. Anaadhibiwa kwa utovu wa adabu! Ubaoni anaona «Cibitoke» na kusoma «Sibitoke», kwani herufi c aliizoea katika Kifaransa. Katika Kirundi inasomwa ch. Si ujinga huo, ni elimu aliyotoka nayo nyumbani.

Burundi ilikipa Kirundi kazi ya kufundishia shule ya msingi katika mageuzi ya 1973, jambo ninalolisifu. Kiswahili kiliingia kama somo katikati ya miaka ya 2000, ingawa katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, watu walikuwa wakikizungumza tangu enzi za Wabelgiji, na wamisionari wengi walikitilia shaka kwa kukiona lugha ya Waislamu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mambo yalikuwa kinyume: kambi imezungukwa na Kiswahili, lakini watoto wa Kongo walisoma programu ya kwao kwa Kifaransa.

Nafasi imeniishia. Niseme tu kwamba mwalimu wa Rugombo angeweza kuanza na hesabu. Wazee wetu wa bondeni, wakihesabu mbuzi, husema munane, kenda. Mrundi husema umunani, icenda. Mtoto amekwisha kusikia munane na kenda kwa bibi yake kabla ya kuvuka mto.