Boroni Tribromidi: Njaa ya Elektroni na Manufaa Yake

Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Methali hii yaweza kumfaa mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuielewa boroni tribromidi, kiowevu kinachoogopwa na kuthaminiwa vilevile katika maabara za kemia. Ukali wake na manufaa yake huchimbuka katika jambo moja: upungufu.

Molekuli yake ina atomu moja ya boroni na tatu za bromini. Boroni ina elektroni tatu tu za nje. Ikishirikiana na bromini hupata sita, ilhali utulivu huhitaji nane. Kwa hivyo, huwania jozi ya elektroni kutoka kwa molekuli yoyote iliyo nayo. Mnamo 1923, Mmarekani Gilbert N. Lewis aliipanua maana ya asidi ili ijumuishe vitu vya namna hii.

Maji yana jozi hiyo. Yakikutana na kiowevu hiki, mmenyuko mkali hutokea papo hapo, ukazaa asidi ya boriki na haidrojeni bromidi, gesi inayochoma macho na mapafu. Hata unyevu wa hewani hutosha kukifanya kifuke moshi. Ndiposa huhifadhiwa katika chupa kavu iliyozibwa kabisa, na kikimwagika sakafuni hufunikwa kwa mchanga mkavu, hakimwagiwi maji. Hata hivyo, kikimrukia mtu, ngozi huoshwa mara moja kwa maji mengi yanayotiririka. Asiyezitofautisha kauli hizi mbili kwenye kibandiko cha chupa yumo hatarini. Tafsiri ya maelezo ya usalama, basi, si pambo la lugha.

Njaa hiyohiyo ina faida. Wanakemia wanaounda dawa hukitumia kiowevu hiki kukata etha: boroni huishika oksijeni, kifungo chake na kaboni kikalegea, kisha bromini ikamalizia kazi. Aidha, mvuke wake hutumiwa kupenyeza boroni ndani ya silikoni katika utengenezaji wa seli za nishati ya jua. Silikoni ina elektroni nne za nje, boroni tatu. Pengo linalobaki, liitwalo tundu, husaidia kupitisha umeme.

Hivyo, upungufu unaokifanya kiowevu hiki kuwa hatari ndio unaokifanya kitumike. Anayeieleza sayansi kwa Kiswahili hana budi kuzitaja pande zote mbili.