Je, Wajua? Georgia, “mama” ana ndevu

Mtoto wa Kigeorgia akiita “Mama!”, anayeitika ni mwanamume. Katika lugha hiyo ya milima ya Kaukazi, mama ni baba mzazi. Aliyemzaa mtoto huitwa deda. Sala ya Baba Yetu nayo huanza “Mamao chveno”. Na juu ya kilima cha Sololaki, jijini Tbilisi, imesimama sanamu ya mwanamke yenye urefu wa mita 20: mkono wa kushoto bakuli la divai kwa wageni, wa kulia upanga kwa maadui. Jina lake Kartlis Deda, Mama wa Kartli, eneo la Georgia.

Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwa nini lugha zisizo na undugu hugongana kwenye maneno kama “mama” na “baba”. M, b na p hutamkwa kwa midomo tu, kwa hiyo mtoto huziweza mapema. Yeye anabwabwaja, wazazi ndio wanaogawana maana, kila mmoja akiamini ameitwa yeye. Waturuki, kama sisi, walimpa baba “baba”. Wabulgaria wakampa bibi.