Tairi jipya na mafuta ya gari la haibridi

DEREVA wa gari la haibridi, mathalani Toyota Prius, anayefuata njia ya kale ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji, asishangae mafuta yakiisha mapema baada ya kubadili matairi.

Tairi linapozunguka hubonyea na kupoteza nguvu. Jipya lina mpira mnene, hivyo hupoteza zaidi kuliko kipara. Ripoti ya Marekani ya mwaka 2006 ilieleza kuwa upotevu huo ukipungua kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hupungua kwa asilimia 1 hadi 2.

Hata hivyo, kipara ni hatari wakati wa mvua. Tairi gumu la mizigo nalo hustahimili changarawe, lakini hutikisa abiria.

Mnunuzi azingatie saizi na kipimo cha upepo kilichobandikwa mlangoni mwa dereva.