SEVA YA UANGALIZI WA MTANDAO NA AKIBA YAKE: MFANO WA MOSHI NA MLIMA KILIMANJARO

Mwezi wa Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Desemba mwaka huo huduma ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sababu mojawapo iliyotolewa na Serikali ni usalama wa wageni na wapagazi. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa mwinuko hana budi kuteremshwa upesi, na habari zake lazima zitangulie machela. Kwa hivyo, chombo cha mawasiliano kikizimika mlimani usiku, fundi wa zamu anapaswa kujua kabla mgonjwa hajahitaji kupiga simu.

Kazi ya kumjulisha fundi huyo hufanywa na seva ya uangalizi. Hii ni kompyuta ambayo kila dakika moja, au kila dakika tano, huuliza kila chombo cha mtandao iwapo kipo kazini. Kisipojibu mara kadhaa mfululizo, humpelekea fundi taarifa.

Ubaya wake ni kwamba yenyewe ikiharibika haipigi kelele. Simu ya fundi hutulia, naye akadhani mambo ni shwari. Mbele ya macho yake, ukimya wa mtandao usio na hitilafu na ukimya wa mtandao usiotazamwa na mtu ni kitu kimoja.

Akiba iliyo rahisi kuliko zote ni nakala: orodha ya vyombo, mipangilio yake na kumbukumbu za nyuma hunakiliwa kila siku na kuwekwa katika jengo jingine. Nakala iliyomo ndani ya seva ile ile, au juu ya kabati lake, huungua pamoja nayo. Hata hivyo nakala haiangalii kitu. Hupunguza tu muda wa kuanza upya.

Aliye na uwezo huweka seva ya pili. Seva mbili hupelekeana ishara kila baada ya sekunde chache, na ya kwanza ikinyamaza ya pili hushika zamu. Hapa pana mtego ambao wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Waya unaoziunganisha ukikatika, kila moja hudhani mwenziwe amekufa, na zote mbili hujitangaza kuwa kiongozi. Kumbukumbu huchanganyika na mafundi hupokea taarifa zinazopingana. Dawa yake ni shahidi wa tatu, kompyuta ndogo tu iliyowekwa mahali pa tatu, na seva isiyopata kura yake haina ruhusa ya kuongoza.

Suala la mahali ndilo zito zaidi. Mathalani, seva ya pekee ikiwekwa Dar es Salaam, njia ya kwenda Moshi ikikatika itaonesha mlima mzima umezimika, ilhali Horombo na Mandara wanawasiliana na Moshi bila ya shida. Seva ya pekee ikiwa mjini Moshi, umeme wa jengo ukikatika mlima hubaki bila mlinzi. Inafaa basi pawe na moja kila upande, tena ile ya Moshi iwe na uwezo wa kuhifadhi vipimo vyake hadi njia irudi. Taarifa nazo zipite kwenye mtandao wa simu wa kampuni nyingine, kwani taarifa ya kukatika kwa njia haiwezi kusafiri katika njia iliyokatika.

Njia mbili zilizofuatana si njia mbili. Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, baina ya Mandara na Horombo, katika njia ile ile ya Marangu. Waya mbili zilizolazwa bega kwa bega hapo zingeteketea pamoja. Baharini mambo ni hayo hayo: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, yenye majina na wenyewe tofauti, ilikatika siku moja, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kisiwa kilitegemea waya mmoja wa umeme kutoka bara, uliolazwa mwaka 1980. Njia hiyo ilipoharibika Mei 2008, umeme ulikosekana kwa karibu mwezi mmoja. Ilipoharibika tena tarehe 10 Disemba 2009, giza liliendelea hadi Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Katika miezi ile betri ya saa mbili chini ya meza haikuwa akiba. Ofisi zilizoendelea na kazi ni zile zilizokuwa na jenereta, na mafuta ya kuliendesha.

Afisi yenye seva ya uangalizi inaweza kujipima bila ya gharama. Izimwe kwa makusudi asubuhi ya siku ya kazi, mafundi wakiwapo, na ihesabiwe ni dakika ngapi zitapita kabla mtu yeyote hajapata habari. Kisha nakala ya jana irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, ionekane kama inafunguka. Zoezi hilo lirudiwe kila baada ya miezi mitatu, na kila fundi anapohamishwa.