Wakubwa wa Katuba na Michezo Yao

Siku timu mbili za mpira za Lubumbashi, Kongo, TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, zinapokutana, njia zinazotoka mtaa wa Katuba kwenda uwanjani Kamalondo hujaa watu wazima waliojipaka rangi. Rangi nyeusi na nyeupe ni za Mazembe, njano na buluu ni za Lupopo. Kuna baba aliyejichora mistari kuanzia paji la uso hadi kiunoni, kuna aliyebeba sanamu ya mamba kwa sababu nembo ya Mazembe ni mamba aliyeuma mpira, kuna mama aliyefunga kitenge cha rangi za timu na kuanza kucheza kabla hajafika barabara kubwa. Wengi wao wana wajukuu. Watoto wapo, lakini wamepanda ukutani na kutazama.

Huko Marekani na Ulaya kuna ubishi usiokwisha: mtu mzima asiyefuatana na mtoto anatafuta nini kwenye bustani ya michezo? Kwa nini apande treni ya kuzunguka juu chini, kwa nini apange foleni ili apigwe picha na mtu aliyevaa kichwa cha Mickey Mouse? Disneyland ilifunguliwa karibu na Los Angeles Julai 1955, na hadi leo wapo wakubwa wanaokwenda huko peke yao kisha wakirudi wanajieleza, kana kwamba wamechukua kitu cha watoto bila kuomba. Katuba hakuna anayejieleza hivyo. Kuvaa sura isiyo yako, kujipaka rangi, kusema kwa sauti ya mwingine, kuruka na kuanguka mbele za watu, yote hayo kwetu ni mambo ya wakubwa, na mtoto ndiye anayesubiri zamu yake.

Katuba ilijengwa miaka ya 1950, yaani miaka ile ile ya Disneyland. Ilikuwa makao ya Waafrika waliokuja kufanya kazi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwenye viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière, kwenye reli, kwenye nyumba za Wazungu waliokaa upande wao wa mji, mbali na makao ya weusi. Watu walitoka Kasai, walitoka kwa Waluba wa Katanga, kwa Walunda, kwa Wabemba, kwa Watabwa. Kila mmoja alileta ngoma za kwao, na Kiswahili cha mji kikawa uwanja ambamo ngoma hizo zilikutana. Ndiyo maana ukitaka kuelewa michezo ya wakubwa wa Katuba, usianzie kwenye mpira. Anzia kwenye mapasa, yaani mapacha.

Kwa Waluba, mapasa wakizaliwa nyumba haibaki ilivyokuwa. Watoto wenyewe tayari wana majina yao: kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange, kwa wale wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, na wazazi nao hubadilishiwa majina na heshima. Kisha majirani wanakuja. Wanapaka udongo mweupe, wanapiga ngoma, na wanaimba nyimbo ambazo siku nyingine yeyote angezisikia angeziba masikio. Mama mwenye heshima zake, anayeongoza maombi, anaimba habari za mwili wa mwanamume mbele ya wakwe. Mwanamume anamjibu kwa matusi makubwa zaidi, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kukasirika siku hiyo ndiyo aibu. Ukiuliza imekuwaje mama huyu aseme maneno haya, utajibiwa kwa neno moja tu la Lubumbashi: "Njo mapasa." Hayo ndiyo mapasa, basi.

Nataka tuyatazame mambo haya kwa makini, maana watu huyapita haraka wakidhani ni ulevi au ushenzi. Sherehe imetokana na watoto wawili, lakini wachezaji wote ni watu wazima, na wanachocheza hakimhusu mtoto hata kidogo. Wanacheza mambo ya ndoa, ya uzazi, ya hofu ya kuzaa wawili kwa mkupuo mmoja na kushindwa kuwalisha. Mtoto hawezi kucheza mchezo huo kwa sababu hajabeba mzigo unaofanya mchezo uwe na maana. Hapa ndipo ninapoona tofauti na bustani za mbali. Kule mkubwa huambiwa anarudi utotoni. Kwenye mapasa harudi popote. Anacheza kwa ukubwa wake wote, na jina lake, na umri wake, na majirani wanaomfahamu tangu alipohamia mtaa huo.

Mjini mchezo huo ulipata mavazi mapya. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilisambaa Tanganyika ikiwa na vikundi vyake vya Marini na Arinoti, kisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikafika Katanga, ambako ilijulikana kama mbeni. Wachezaji walikuwa na Kingi wao, Gavana wao, maofisa wao wenye vyeo na gwaride. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa machimbo wa Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiona ngoma ya kalela na kuiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Vijana wa kiume walicheza Jumapili alasiri wakiwa wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Kati yao alikuwamo mfalme, alikuwamo daktari mwenye joho jeupe, na alikuwamo muuguzi, ambaye alipita kwa wachezaji na kioo na leso ili kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho. Hicho kioo cha muuguzi nakipenda sana. Mtu aliyeshinda wiki nzima chini ya ardhi, ameitwa "boi" na mtoto wa bwana wake, siku ya saba anasimama kati ya uwanja, na mtu wa cheo anakuja kumshikia kioo.

Wabelgiji waliotawala Katanga waliziogopa ngoma za namna hiyo na kuzipeleleza. Walihisi kwamba mtu anayecheza Gavana amekwisha kumtazama Gavana kwa karibu sana.

Kutoka hapo hadi jukwaani si mbali. Katika mtaa wa Kenya, jirani na Katuba, kulitokea miaka ya 1950 kikundi cha Jecoke, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya, kilichochanganya kucheza, kuimba na vichekesho. Édouard Masengo, mpiga gita ambaye baadaye alijulikana sana Nairobi, alitoka humo. Na kutoka katika kizazi hicho hicho akaja Mufwankolo. Jina lake halisi ni Kyembe Kaswili, lakini mjini hakuna aliyemwita hivyo. Kikundi chake kilicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, redioni na kwenye televisheni, na wahusika wake walikuwa baba mlevi, mke mjanja, chifu mlafi, mfanyakazi aliyepokea mshahara na kuupoteza kabla hajafika nyumbani. Mazungumzo hayakuandikwa. Waigizaji walikubaliana mwendo wa hadithi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake papo hapo. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo mrefu juu ya methali inayosema kwamba madaraka huliwa mazima, wakaucheza katika kijiji cha Kawama, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyekuwa nao akayaandika yote katika kitabu chake cha mwaka 1990. Ulikuwa wakati wa utawala wa Mobutu. Kusema waziwazi kwamba mkubwa hula peke yake kulikuwa hatari, lakini chifu wa Mufwankolo aliweza kula peke yake mbele ya kamera, na nchi nzima ya Katanga ikacheka.

Hata ukutani wakubwa waliweka wahusika wao. Katika sebule nyingi za Lubumbashi za miaka ya 1970 palikuwa na picha ya mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, anayempa mtu utajiri kwa masharti ya siri. Haikutundikwa kwenye chumba cha watoto. Ilitundikwa pale wageni wanapoketi, ili ianzishe maongezi: nani kamwona mtoni, nani alitajirika ghafla, nani alilipa kwa kumpoteza ndugu.

Leo picha hizo zimepungua. Makanisa mengi ya uamsho huwafundisha waumini kwamba mamba muntu ni pepo, kwamba nyimbo za mapasa ni laana, kwamba aliyeokoka hachezi hivyo. Siwadharau wahubiri, wapo wanaowasaidia watu ambao serikali iliwasahau. Lakini katika jambo hili naamini wanakosea. Wanadhani mama anayeimba matusi siku ya mapasa ameacha heshima yake mlangoni, ilhali heshima yake ndiyo inayompa ruhusa ya kuimba. Msichana wa miaka kumi na tano akiimba wimbo ule ule atapigwa kofi. Mchezo huo una mipaka mikali kuliko mahubiri mengi: siku yake, watu wake, maneno yake, na mwisho wake. Ukiufuta, matusi hayatoweki. Yanahamia kwenye ugomvi wa kweli.

Umaskini nao umejaribu kuizima michezo hii. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa malipo ya kuagana nao ambayo hayakukaa mfukoni. Katuba ilijaa wanaume wenye umri wa kufanya kazi wasio na kazi, na wanawake ambao walishika sokoni mzigo wote wa nyumba. Mtu angedhani hapo ndipo mkubwa angeacha kujipaka rangi. Ilikuwa kinyume chake. Mazembe, mabingwa wa Afrika wa 1967 na 1968, walirudi kileleni mwaka 2009, tena 2010, tena 2015, na mashabiki wakawa tamasha linalojitegemea, lenye ngoma zake, nyimbo zake na watu wake maalumu wa kuchekesha.

Na aliyewazidi wote alikuwa uwanjani. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Robert Kidiaba, mlinda mlango, mtu mzima wa miaka 34, aliketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kuruka kwa makalio juu ya nyasi. Dunia ilicheka. Fainali walifungwa na Inter Milan 3-0, lakini kuruka kule kulibaki, na Januari 2015 huko Bata, Kongo ilipoitoa Kongo-Brazzaville 4-2 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, akaruka tena akiwa anakaribia miaka 39. Ukiwa Katuba wakati ule ungewaona wanaume wenye ndevu nyeupe wakiruka vile vile kwenye vumbi mbele ya nganda, yaani baa, huku wake zao wakiwahesabia.

Alipoacha mpira Kidiaba aligombea siasa, na akachaguliwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga. Kuruka kule hakukumpunguzia kura. Wapigakura walimchagua wakiukumbuka vizuri mchezo huo, na wengi wao walikuwa wameuiga kwa makalio yao wenyewe.