Sanduku la umeme: elfu moja ya nini?

Usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, mvua ya radi ilikata umeme katika mtaa mmoja wa mji wa Bariadi muda mfupi kabla ya Isha. Katika msikiti tuliokuwa tumeukusudia hapakuwa na wasiwasi. Wiki chache nyuma waumini walikuwa wamechangishana na kununua ile zana ambayo wauzaji huiita pawa stesheni: sanduku lenye betri ndani, mkono wa kubebea juu, na soketi za plagi mbele. Likawashwa. Spika zikasikika, feni zikazunguka, taa zikawaka. Isha ikaswaliwa kwa utulivu. Tarawehe ilipofika katikati, vyote vikazimika kwa pamoja, na imamu akaendelea kwa sauti yake mwenyewe gizani.

Baada ya swala lawama zilianza. Wapo waliosema sanduku ni bovu, na wapo waliomgeukia mweka hazina, ambaye alikuwa bado na risiti mfukoni. Fedha zile zilikuwa amana, na macho ya watu wakati kama huo huwa mazito. Mzee mmoja akamulika sanduku kwa tochi ya simu, akasoma namba kubwa iliyochapwa ubavuni, akauliza: “Mwanangu, hii elfu moja iliyoandikwa hapa ni elfu moja ya nini?”

Hakuna aliyejibu. Nasi tuliona kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa dukani.

Elfu moja ile ilikuwa ya wati. Wati ni kipimo cha nguvu, yaani mzigo ambao sanduku linaweza kuubeba kwa wakati mmoja. Mfano wake ni upana wa bomba la maji. Bomba pana halikuambii tangi lina maji kiasi gani. Ujazo wa tangi hupimwa kwa wati-saa, na namba hiyo kwenye sanduku la msikiti ilikuwa imechapwa kwa herufi ndogo chini kabisa, karibu na tundu la kuchajia: 512.

Kwa kila mwenye mita ya LUKU nyumbani, hesabu hii si ngeni. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Sanduku lile, likiwa limejaa kabisa, lilikuwa na umeme wa nusu uniti na ziada kidogo. Tena nusu hiyo haitoki yote. Kuugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani hula sehemu yake, na kwa kawaida mtumiaji hupata kama 85 katika kila 100. Hivyo zilibaki wati-saa 435 hivi. Amplifaya ilikula wati 120, feni nne wati 240, taa sita wati 54; jumla wati 414. Gawanya, utapata saa moja na dakika chache. Sanduku halikuwa bovu, na mweka hazina hakuwa na kosa.

Jambo hili lilitustaajabisha zaidi kwa sababu ya mahali lilipotokea. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unajulikana kwa pamba. Mkulima wa Itilima au Meatu akifikisha mzigo wake kituo cha kununulia, haondoi jicho kwenye mizani hata mara moja. Mkulima huyo huyo, akiisha kulipwa, huingia dukani akanunua umeme kwa kutazama namba iliyo kubwa zaidi. Sura ya Al-Mutaffifin huanza kwa kuwakemea wanaopunja vipimo. Muuzaji anayeikuza namba moja na kuificha nyingine na aisome tena.

Ipo namba ya tatu inayopoteza watu. Visanduku vidogo huandikwa kwa mAh, na 80,000 huonekana kuwa bahari. Zidisha kwa 3.7, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya seli nyingi za ndani, kisha gawanya kwa 1,000: ni wati-saa 296 tu, iwapo maandishi ni ya kweli. Mkono nao husaidia kuhukumu. Sanduku la kweli la wati-saa 500 huwa na uzito wa kilo 5 hadi 7 hivi. Likiwa jepesi kama begi la madrasa, rudisha fedha mfukoni.

Kwa familia, nusu uniti hiyo si haba ikitumiwa kwa akili. Taa tatu za wati 7 kwa saa tano, simu nne, redio jioni, na televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa tatu, vyote pamoja hula kama wati-saa 300. Daku inaandaliwa kwenye mwanga, watoto wanadurusu, na akiba inabaki. Visivyofaa ni vile vinavyotoa joto. Pasi na jagi la umeme hudai wati elfu na zaidi. Ama sanduku litajizima, ama litakauka kabla chai haijanywewa mara ya pili. Friji nayo ina hila yake: ikisharindima hula kidogo, lakini wakati wa kuwaka hudai mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, na sanduku dogo hushindwa hapo.

Wengi hawajui kuhusu kile kitufe cha kuwashia soketi za plagi. Kikiachwa kimewashwa, hata kama hakuna kilichochomekwa, mtambo wa kugeuza umeme huendelea kula. Ukila wati 10 usiku mzima wa saa kumi, wati-saa 100 zimekwenda bure. Simu zichajiwe kwenye matundu yake madogo ya USB, na kitufe cha plagi kizimwe. Hiyo ni israfu isiyoonekana.

Kuhusu utunzaji, adui wa kwanza ni joto. Tumeona watu wakitandaza paneli ya sola uani na kuliweka sanduku juani kando yake, kana kwamba nalo linaota jua. Paneli ikae juani, sanduku likae kivulini, na waya urefushwe. Chumba cha bati kisicho na dari mchana wa Septemba si mahali pa kuchajia betri, wala uvunguni mwa kitanda chenye neti na magodoro. Vumbi la kiangazi nalo huziba matundu ya hewa. Brashi kavu inatosha, maji hapana. Likikaa bila kazi, liachwe na nusu ya chaji, na kila miezi mitatu litazamwe. Kuliacha sifuri msimu mzima ni kuliua.

Anayenunua atafute maandishi LiFePO4. Aina hiyo ya lithiamu ni nzito kidogo, lakini hustahimili joto zaidi, na huchajiwa mara elfu mbili au zaidi kabla haijadhoofika sana, ilhali aina nyingine nyingi huchoka baada ya mamia ya mara. Sanduku likivimba au kutoa harufu ya kemikali, litolewe nje mbali na watoto, wala lisifunguliwe na fundi wa redio. Na kamwe lisichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili liwashe nyumba nzima: umeme huo unaweza kurudi kwenye nyaya za mtaani na kumkuta fundi nguzoni.

Tulipopita tena msikitini pale baada ya Idi, paneli ya wati 200 ilikuwa imefungwa juu ya paa. Jua zuri la siku moja huliwezesha sanduku kujaa. Namba kubwa ya ubavuni ilikuwa imefunikwa kwa karatasi, na juu yake, kwa mwandiko wa mweka hazina, palisomeka: “Spika na taa: saa mbili na nusu. Feni: hapana.”